Diski Nyingi, Hatima Moja: Mpangilio wa Hifadhi ya Pamoja ya Data



Mada niliyopewa ni mpangilio wa nafasi ya diski katika mifumo mikubwa ya kuhifadhi data. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni hesabu ya kujumlisha: diski ngapi, kila moja ina terabaiti ngapi, jumla yake nini. Hesabu hiyo haihitaji mhadhara. Ngumu ni hii nyingine: ukishaziunganisha diski zako zikawa hifadhi moja, umekwisha kuamua ni vitu gani vitaanguka pamoja siku ya kuanguka. Umeamua hata kama hukujua kwamba unaamua. Hoja yangu jioni hii ni kwamba uamuzi huo ndio kazi yenyewe, na terabaiti hufuata nyuma yake.

Kwa nini tuliunganisha

Tuanze na sababu za kuunganisha, maana ni sababu nzuri. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mfumo ulioitwa RAMAC, na ndani yake diski ya kwanza ya kibiashara, IBM 350. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina kipenyo cha inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Kwa miaka thelathini iliyofuata, aliyetaka nafasi zaidi alinunua diski kubwa zaidi, na diski kubwa ilikuwa ghali mno.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyogeuza mambo. Kompyuta za mezani zilikuwa zimeshaleta diski ndogo za bei nafuu. Watatu hao wakauliza: kwa nini tusizipange nyingi pamoja zikafanya kazi ya ile moja kubwa? Mpango huo wakauita RAID, jina ambalo fundi yeyote wa seva analo mdomoni mpaka leo.

Lakini waandishi hao hawakuficha bei yake. Diski ndogo waliyoitolea mfano ilitarajiwa kudumu kwa wastani wa saa 30,000. Panga diski 100 za aina hiyo bila kinga, walisema, na wastani wa muda hadi moja ife unashuka hadi saa 300. Hizo hazifiki wiki mbili. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza waliosifu kuunganisha walijua kwamba muungano usio na kinga ni dhaifu kuliko mwanachama wake mmoja.

Sababu ya pili ya kuunganisha ni upotevu. Kila seva ilipokuwa na diski zake, seva ya mishahara ilijaa huku ya mapokezi ikikaa na robo tatu ya nafasi tupu, na hakuna aliyeweza kumkopesha mwenzake. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen aliandika programu ya LVM kwa ajili ya Linux, inayokusanya diski kadhaa kuwa nafasi moja na kuikata upya kadiri ya mahitaji. Mwaka 2001 Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa Sun Microsystems wakaanza kujenga mfumo wa faili wa ZFS, ukaingia katika msimbo wa mfumo endeshi wa Solaris mwaka 2005. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ukiongeza RAM kwenye kompyuta, huketi kuigawia kila programu kipande chake, basi kwa nini diski ziwe na masharti hayo?

Hoja hiyo imeshinda. Leo karibu kila mfumo mkubwa wa kuhifadhi data, uwe wa kununua au wa programu huria, unaanza kwa kuunda hifadhi ya pamoja. Na huku kwetu jambo hili si la mbali tena. Seva za M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, zilikaa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake mwaka 2022. Data nyingi zaidi inalala hapa, na anayechora mpangilio wake ni mmoja wenu mliokaa humu.

Kinga inavyofanya kazi

Tazameni kundi la diski nne kwa karibu. Mahali palepale kwenye kila diski, ya kwanza ina 1, ya pili ina 0, ya tatu ina 1. Ya nne haibebi data ya mtu. Inabeba alama ya ulinganifu, yaani pariti: huandikwa 0 au 1 ili idadi ya moja zote iwe shufwa. Hapa moja ziko mbili tayari, basi ya nne huandikwa 0. Sasa diski ya kwanza ife. Zilizobaki zinasomeka 0, 1, 0. Moja iko peke yake, na idadi hiyo ni witiri, kwa hiyo iliyopotea lazima ilikuwa 1. Fanyeni hesabu hiyo mabilioni ya mara na diski iliyokufa imefufuka kwenye diski mpya. Katika RAID 5 pariti haikai kwenye diski moja, huzungushwa kwa zamu katika diski zote, lakini hesabu ni hiyohiyo. RAID 6 huongeza alama ya pili ya namna nyingine, ili kundi livumilie vifo viwili.

Kinga hii hulipiwa kila siku, si siku ya msiba tu. Karani wa hospitali anaposahihisha tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa mmoja, kundi la RAID 5 hufanya kazi nne: husoma data ya zamani, husoma pariti ya zamani, huandika data mpya, huandika pariti mpya. RAID 6 hufanya kazi sita. Diski pacha, ambapo kila kitu huandikwa mara mbili, hufanya mbili tu, lakini zinakula nusu ya nafasi uliyonunua. Hapo ndipo mabishano ya fundi na mhasibu yanapoanzia.

Saa za hatari

Diski hufa mara ngapi? Kwenye karatasi za watengenezaji mtaona wastani wa saa 1,000,000 au zaidi, ambao maana yake ni kwamba chini ya asilimia 1 ya diski zitakufa kwa mwaka. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson, yuleyule wa makala ya 1988, walichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Viwango vya asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka vilikuwa vya kawaida, na baadhi ya mifumo ilifika asilimia 13.

Tuchukue asilimia 3. Kwa mwenye diski 24, uwezekano wa angalau moja kufa ndani ya mwaka unazidi nusu. Basi kifo cha diski moja si ajali. Kiwekeni kwenye kalenda. Ajali ni kile kinachotokea baada ya hapo, kabla diski mpya haijamaliza kujengwa. Diski ya terabaiti 10 ikijazwa kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde huchukua sekunde 50,000, karibu saa 14. Ya terabaiti 20 huchukua karibu saa 28. Hiyo ni bila mtumiaji hata mmoja. Ofisi ikiwa wazi na watu wanafanya kazi, saa hizo hugeuka siku.

Katika saa hizo diski zote zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo pengine halijafanyika tangu zinunuliwe. Mara nyingi zilinunuliwa siku moja, zilitoka kiwandani pamoja, na zimezeeka pamoja. Watengenezaji wa diski za bei ya chini huweka kikomo cha kosa moja la kusoma katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani terabaiti 12.5. Kundi la RAID 5 la diski nane za terabaiti 10 likipoteza moja, lazima lisome terabaiti 70 bila kujikwaa. Kikomo hicho ni dhamana ya mtengenezaji, si utabiri, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi. Lakini mtu anayetunza rekodi za wagonjwa hapangi kazi yake kwa kutegemea bahati. Ndiyo maana kwa diski kubwa za siku hizi RAID 5 haifai kwa data isiyo na mbadala.

Diski 24 mezani

Sasa tufanye kazi yenyewe. Tuseme hospitali ya mkoa imenunua diski 24 za terabaiti 10. Zinaweza kupangwa kwa njia nyingi, nitazame tatu.

Ya kwanza: zote 24 kundi moja la RAID 6. Mbili zinakwenda kwenye pariti, zinabaki terabaiti 220. Mkurugenzi atafurahi. Fundi hatafurahi, kwa sababu vifo vitatu katika kundi la diski 24 vinamaliza kila kitu, na hakuna diski ya spea inayosubiri. Tena katika ZFS, kundi zima la pariti, kwa kazi ndogondogo zilizotapakaa kama za hifadhidata, hukimbia takriban kwa mwendo wa diski moja. Umenunua 24, unapata mwendo wa moja.

Ya pili: makundi mawili ya diski 11, kila moja na kinga ya diski mbili, na diski mbili za spea. Zinabaki terabaiti 180. Umepoteza terabaiti 40 za kujivunia, lakini mwendo umekuwa mara mbili, kila kundi linavumilia vifo viwili vyake, na diski ikifa usiku wa Jumamosi spea inaanza kujengwa bila kumsubiri fundi hadi Jumatatu.

Ya tatu: jozi 11 za diski pacha na spea mbili. Terabaiti 110 tu, lakini ndiyo yenye mwendo mkubwa kuliko zote, na diski ikifa inanakiliwa kutoka kwa pacha wake peke yake, wengine hawasumbuliwi.

Kwa picha za eksirei, ambazo huandikwa mara moja na kusomwa mara chache, ningechagua ya pili. Kwa hifadhidata ya malipo na wagonjwa ningechukua ya tatu. Na kwa kuwa hospitali ina vyote viwili, ningegawa diski zile na kuunda hifadhi mbili. Ya kwanza nisingeichagua kwa lolote.

Niongeze neno dogo kwa wanaoandaa zabuni: mtengenezaji huhesabu terabaiti kwa vipeo vya kumi, na mifumo mingi huhesabu kwa vipeo vya mbili. Terabaiti 180 za kwenye boksi zitasomeka karibu 164 kwenye kioo. Hakuna aliyeiba.

Samaki mmoja

Hapa nawaombeni utulivu, maana ndipo taasisi nyingi huumia. Makundi mawili yale ya diski 11 yameunganishwa kuwa hifadhi moja. Data mpya hutawanywa katika makundi yote. Kwa hiyo kundi moja likipotea, hifadhi yote imepotea, pamoja na faili zilizodhaniwa ziko upande wa pili. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na katika hifadhi ya pamoja msemo huo ni sheria ya mashine.

Fikirieni sasa fundi aliyeambiwa saa kumi jioni kwamba nafasi imekwisha. Ana diski moja kabatini. Anaandika amri ya `zpool add` kuiongeza kwenye hifadhi ya makundi yenye kinga. ZFS inakataa, inamwambia kiwango cha kinga hakilingani. Anaongeza `-f`, alama ya kulazimisha, na amri inapita. Nafasi imepatikana, simu zimetulia, kila mtu anamshukuru. Kumbe kuanzia dakika hiyo hifadhi yote, yenye kinga ya diski mbili kila kundi, inategemea diski moja isiyo na kinga yoyote. Na hawezi kuiondoa, kwa sababu ZFS hairuhusu kuondoa sehemu ya namna hiyo katika hifadhi yenye makundi ya pariti. Kinachobaki ni kuifungia pacha haraka, au kunakili kila kitu kwingine na kuanza upya.

Siku hizi zipo njia bora. OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, inaruhusu kuongeza diski ndani ya kundi la pariti lenyewe, na kinga ikabaki palepale. Toleo la 2.1 la mwaka 2021 lilileta mpangilio unaotawanya nafasi ya spea katika diski zote, ili ujenzi upya usisubiri mwendo wa diski moja. Miongoni mwa mizizi ya wazo hilo ni utafiti wa Mark Holland na Garth Gibson wa mwaka 1992. Lakini teknolojia haimzuii mtu mwenye haraka na alama ya kulazimisha. Kinachomzuia ni kanuni ya ofisi: hakuna diski inayoingia kwenye hifadhi ya pamoja ikiwa na kinga ndogo kuliko ya wenzake, na hakuna anayelazimisha amri peke yake.

Kugawa kwa ahadi

Hifadhi ya pamoja imeleta kishawishi kingine. Mfumo unaweza kuiambia idara ya maabara ina terabaiti 50, wahasibu 50, na wengine vivyo hivyo, hata ahadi zikafika 300 wakati nyuma yake ziko 180. Nafasi halisi hutolewa tu mtu anapoandika. Jambo hili lina faida ya kweli, kwa sababu kila idara huomba zaidi ya inavyotumia, na ahadi humwondolea meneja ugomvi. Benki nayo huishi hivyo: haina noti za wateja wote sandukuni, na hakuna shida mpaka wote wapange foleni siku moja.

Siku ya foleni kwenye diski huonekanaje? Idara moja inapakia picha za miaka kumi zilizochanganuliwa. Hifadhi inajaa. Kuanzia hapo kila anayejaribu kuandika anakataliwa, hata mhasibu ambaye kwenye kioo chake bado anaona terabaiti 30 tupu. Hifadhidata zinasimama. Aliyejaza ni mmoja, waliokwama ni wote.

Yapo mambo mawili ya nafasi ambayo huwashangaza wageni. Kwanza, kufuta faili ndani ya seva hakurudishi nafasi kwenye hifadhi ya pamoja mpaka mfumo endeshi upeleke taarifa kwamba eneo lile halitumiki tena, na mara nyingi taarifa hiyo haijawashwa. Pili, picha za muda, zile zinazohifadhi hali ya data ilivyokuwa saa fulani, huendelea kushika data iliyofutwa. Fundi anafuta terabaiti 5 kwa hofu, na mita haisogei.

Ndiyo maana kikomo kiwekwe mapema. Mifumo kama ZFS, ambayo haiandiki juu ya data ya zamani bali hutafuta nafasi mpya, huanza kusuasua nafasi inapobana, na kanuni ya mafundi wengi ni kutovuka asilimia 80. Katika 180 zetu, hiyo ni 144. Onyo la kwanza litoke asilimia 70, liende kwa fundi. La pili asilimia 80, liende kwa mwenye saini ya fedha. Onyo linaloishia kwenye barua pepe ya mtu aliyehama kazi si onyo.

Mpaka wa nje

Nimesema habari za kinga ndani ya hifadhi. Pariti haimzuii mtu kufuta faili kwa makosa. Itaulinda ufutaji huo kwa uaminifu katika diski zote. Haizuii programu ya wahalifu kufunga data kwa nywila. Haizuii moto, wala maji ya mvua yanayoingia chumba cha seva. Picha za muda husaidia dhidi ya makosa ya mkono, lakini zimo ndani ya hifadhi ileile, na hifadhi ikizama zinazama nayo.

Kwa hiyo nakala rudufu lazima iwe nje ya mpaka: diski nyingine, hifadhi nyingine, na walau nakala moja jengo jingine, isiyofikiwa kwa nywila ileile. Nimesikia watu wakitetea kuweka nakala rudufu kwenye hifadhi ya pamoja kwa sababu "ndiko kwenye nafasi." Nafasi ipo kweli, ila hiyo si nakala rudufu, ni data ileile mara mbili kwenye hatari moja.

Neno la mwisho

Kwa wanafunzi: jifunzeni amri, lakini kabla ya kila amri jiulizeni nani mwingine anaishi ndani ya hifadhi hiyo. Kwa mafundi: msikubali kupewa lengo la terabaiti peke yake, daini mwambiwe pia data ipi haiwezi kupotea na ipi inaweza kusubiri siku mbili. Kwa wakuu wa taasisi: fundi akiwaletea mpango wenye terabaiti 180 na mwingine wenye 220 kutoka diski zilezile, msidhani wa pili ni mwerevu. Muulizeni zile 40 zimetolewa wapi.

Nawaomba nyote jambo moja. Kila taasisi iandike ukurasa mmoja, uchapishwe na kubandikwa ndani ya kabati la seva: diski zipi ziko kundi gani, idara zipi zinategemea hifadhi gani, imejaa asilimia ngapi na imeahidi kiasi gani, spea ziko wapi, nakala rudufu iko jengo gani, na lini mara ya mwisho mtu alijaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala hiyo akafaulu. Kama ukurasa huo haupo ofisini kwenu, uandikeni kabla ya kununua diski nyingine.